Mke wa Mwindaji Hatwangi

Ukitaka kujua kama mzee Kasmiri yuko nyumbani, sikiliza kinu. Kikilia, yupo. Kikinyamaza ghafla na kisamvu hakijalainika, ujue mzee ametoka getini, na mkewe, Bi Agnella, ameulaza mchi chini, amenawa mikono, amekaa mkekani na miguu ameinyoosha. Hapo hata ukimwomba chumvi hakupi. Utaipata mzee akirudi.

Mimi Levina ni fundi cherehani hapa Viwanja Sitini, Ifakara, na ukuta wa kibaraza changu ndio ukuta wa jiko lao. Mwaka wa kwanza nilidhani mama wa watu ni mgonjwa. Mwaka wa pili nikadhani ana maringo. Mwaka wa tatu nilichoka kudhani, nikamuuliza, maana mimi jambo likinikwama kooni silali.

"Mke wa mwindaji hatwangi mume akiwa nje," akanijibu, kwa sauti ya mtu anayesema leo ni Jumatano.

"Mama Violeth, mzee amekwenda kununua vocha!"

"Hata hivyo."

Basi siku hiyo niliacha gauni la mtu kwenye cherehani, nikakaa naye mkekani, akanisimulia. Sauti yake ilikuwa ya chini, macho ameyafumba nusu, na mimi nilijikuta nasinzia bila kulala.

Alizaliwa upande wa Mahenge, milimani, akaolewa huku bondeni na Mndamba wa mtoni. Wiki ya kwanza ya ndoa mama mkwe alimkalisha chini akamfundisha. Mwanaume, alimwambia, habebi mkuki mzima. Nusu ya mkuki inabaki nyumbani. Kwa hiyo mume akitoka, mke asigombane na mtu, asitoe moto wala chumvi, na zaidi ya yote asitwange, kwa sababu kishindo cha kinu hupita chini ya ardhi, kikapanda kwa miguu ya mnyama mpaka moyoni, na mnyama akashtuka wakati mbaya. Kazi ya mke ni kukaa. Agnella, aliyekuwa msichana wa mbio za milimani, akakaa.

"Mwanzo nilichoka mpaka mgongo ukaniuma," aliniambia. "Halafu nikaanza kuona."

"Kuona nini?"

"Maji."

Aliona maji ya mbuga yametanda, hayaendi popote. Aliona mtumbwi unapita katikati ya matete na matete yanajifunga nyuma yake. Aliona ukungu, na ndani ya ukungu sheshe, wale swala wekundu wa bonde letu, wamesimama mpaka magoti kwenye maji, masikio yameelekezwa upande mmoja. Aliona mgongo wa mumewe. Hakuona mkuki ukirushwa hata mara moja. Wakati huo ukifika, maji yalimeremeta yakafuta kila kitu, na muda si mrefu angesikia watu njiani. Hakujua kama alikuwa analala au yuko macho. Ila aliniambia hajawahi kuwa karibu na mume wake kama alivyokuwa siku hizo, yeye mkekani na mwenzake maili nne mtoni, na akasema hivyo bila aibu.

Sasa, nisije nikampaka mzee Kasmiri rangi isiyo yake. Sheria ilimwita jangili, na sheria haikukosea, maana kibali hakuwa nacho na bwana nyama alikuwa anamtafuta. Lakini alikuwa na sheria zake pia, na watu wa mtoni walimheshimu kwa hizo. Alisema mwenye bunduki anaua akiwa mbali, hajui amemfanyia nani. Mwenye mkuki lazima afike mahali ambapo pumzi ya mnyama anaisikia, na akishafika hapo hana haki ya kusema hakumwona vizuri. Jike mwenye mtoto haguswi. Mnyama aliyefukuzwa na mafuriko akapanda kichuguu haguswi, kwa sababu huyo ni mgeni wa ardhi, hana pa kukimbilia, na kumchoma mgeni ni uchawi. Na ya mwisho, ambayo mzee aliirudia mpaka watoto wa mtaa wakaijua kwa moyo: damu uliyoimwaga, ifuate mpaka mwisho wake. Ukijeruhi, usirudi nyumbani kula. Mfuate huyo mnyama siku mbili, siku tatu, umkute, umalize, umwombe radhi.

Mwaka wa mvua za Elnino ndio uliomwachia mguu mbovu. Violeth, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka minne. Mzee alikwenda mtoni na rafiki yake Wendelin, na Agnella akakaa mkekani siku moja, ya pili, ya tatu. Siku hiyo ya tatu dada yake Marsiana alifika kutoka Mahenge bila taarifa, ana mtoto mgongoni, wamelowa, wamelala njiani na njaa. Ndani hakukuwa na mchele hata punje, kulikuwa na mpunga tu. Utamwambia nini dada yako? Ngoja mume wangu arudi ndipo ule? Agnella akasimama, akachukua mchi, akatwanga kibaba kimoja. Anasema kila pigo alilisikia kwenye meno.

Jioni Wendelin alimleta mzee amelala mtumbwini, paja limepasuliwa na pembe ya nyati. Agnella alipiga magoti kwenye tope akasema, "Baba Violeth, nimetwanga."

Mzee alifumbua macho, akamtazama, akasema, "Kumbe."

Neno moja tu. Hakuongeza, hakupunguza. Kutoka siku hiyo hakuwinda tena. Chuma cha mkuki kilipotea, ulibaki mpini, na mpini huo ndio mkongojo anaotembea nao mpaka leo. Na kutoka siku hiyo Agnella hakutwanga tena mume akiwa nje, awe amekwenda misa, sokoni, au kwa kinyozi. Wala hakulala tena nje ya nyumba yake. Aliamini kwamba akiondoka, balaa lile litarudi kumalizia kazi lililoianza mguuni.

Niseme ukweli, nilimcheka kidogo. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu ya Violeth.

Violeth ameolewa Mang'ula na kijana anayeitwa Evod, anayefanya kazi hifadhini. Mungu ana utani wake, mkwe wa jangili analinda wanyama. Alipojifungua mtoto wa kwanza aliomba mama aje akae naye arobaini, kama binti yeyote anavyotaka mama yake. Bi Agnella alifunga mzigo, akafika getini, akarudi. Mtoto wa pili alikuja kwa shida, Violeth alilazwa wiki mbili, na simu ilikuwa inalia huku jikoni, mtu analia upande ule na mwingine analia upande huu. Kila mara mzee alisema maneno yale yale, kwa upole kabisa: "Kaa tu, mama Violeth. Wewe mwenyewe unajua yaliyotokea."

Mwaka huu mimba ilikuwa ya tatu. Violeth alipiga simu mwezi Machi, mimi niko palepale namshonea mama yake kitenge. Akasema, "Mama, nimechoka kuomba. Usipokuja safari hii, basi usije tena." Akakata. Bi Agnella alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa.

Halafu mvua kubwa zikashuka, mbuga ikafurika, na mjini zikaanza kupita nyama ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Mchana mmoja wa Aprili aliingia Hilary, mwanaume mzima wa miaka thelathini, dereva wa bodaboda wa mtaa wetu, amebeba mfuko mweusi unaodondoka.

"Shikamoo mzee. Nimekuletea mguu. Wewe ni mkongwe wa kazi hii, lazima uonje."

Mzee alikuwa kibarazani, kinu kinalia nyuma yake, kwa kuwa alikuwepo. "Marahaba. Mmempata wapi?"

"Kwenye kichuguu, mzee! Tumekwenda na mtumbwi wa watu, tuna mikuki ya nondo. Sheshe saba wamesimama juu pale, hawana pa kwenda. Ni kuchagua tu. Angalia." Akatoa simu amwonyeshe video.

Kinu kikanyamaza. Bi Agnella akatoka jikoni, mikono ya kijani kwa kisamvu, na sijawahi kumwona amesimama wima hivyo.

"Rudi na nyama yako, mwanangu. Nyumba hii haijawahi kula nyama ya kichuguu. Huyu unayemwona alilala na njaa siku tatu mtoni, sheshe wanamtazama, na mkuki hakurusha. Mguu wake huu aliumia kwa kosa langu mimi. Kosa la kwake halikuwepo. Muulize mtu yeyote."

Nilimwona mzee anatazama mpini wa mkuki magotini pake. Aliusugua kwa kidole gumba, juu, chini. Nilidhani anataka kumkaripia Hilary.

"Mimi nimewahi," akasema.

"Umewahi nini?" Hilary akauliza, macho bado yako kwenye video ya simu.

"Kuua kwenye kichuguu. Siku ile ile." Hakumwambia Hilary, alimwambia mkewe, ingawa hakumtazama. "Siku tatu nilikuwa sijapata kitu, na Wendelin ananicheka. Tukafika kwenye kichuguu kimoja kikubwa chenye miti. Kulikuwa na sheshe jike na mtoto wake. Walituona, hawakusogea, wangesogea wapi? Nilishuka mtumbwini nikamchoma. Sikujua kwamba nyati amelala upande wa pili kwenye majani. Na yeye maji ndiyo yalimleta. Hakuwa na ugomvi na mtu. Mimi ndiye niliyeleta ugomvi mahali pale, na mkuki wangu ulikuwa tayari mwilini mwa mwingine."

"Na yule sheshe?" Bi Agnella akauliza.

"Aliingia majini nao. Kesho yake Wendelin alirudi kule akaokota mpini unaelea. Chuma kilikwenda na mnyama."

"Hukumfuata."

"Ningemfuata kwa mguu gani, mama Violeth?"

"Na mtoto wake?"

Mzee aliugeuza mpini magotini. Hilary aliweka simu mfukoni taratibu, akaokota mfuko wake, akaondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni na sikuthubutu kuitoa.

Bi Agnella akauliza swali moja zaidi, na aliliuliza kwa sauti ile ile ya kusinzia ya siku ya mkekani. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua lilikuwa halijatoka vizuri."

"Marsiana alifika saa saba mchana."

"Najua."

"Ulijua siku ile ile."

"Nilijua uliponiambia."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na saba, na mwenye kuitembea hakuwa mwongo mwenyewe. Nilisikia hasira ikipanda mpaka masikio yakawaka, nikangoja Bi Agnella apige kelele ili na mimi nimsaidie. Hakupiga. Alinawa mikono pole pole, kidole kwa kidole, kisha akasimama mbele ya mumewe.

"Wewe ndiye uliyesema damu uliyoimwaga uifuate. Mimi umenijeruhi, ukakaa unanitazama navuja. Hata hatua moja hukunifuata."

Treni ya kwanza iliyopita, alipanda. Nilimsindikiza kituoni. Alikaa dirishani akiwa na kitenge kile kipya, na treni ilipoanza kwenda hakunipungia, alikuwa anatazama maji ya mpunga pembeni mwa reli. Nadhani alikuwa anatafuta kitu ndani yake.

Siku nne nilimpelekea mzee chakula. Nilikiweka mezani bila maneno mengi, maana ugali wa mtu uliyemkasirikia nao ni sadaka. Ukuta wa kibaraza changu ulikuwa kimya kiasi kwamba nilishona vibaya. Sikujua kwamba mishono yangu ilikuwa inafuata kile kinu. Kutoka Mang'ula habari zilikuja kwamba Violeth amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima.

Siku ya tano mzee alikuja kibarazani, amevaa shati la misa.

"Levina, treni ya kwenda Mang'ula inapita lini?"

Sikuweza kujizuia. "Unakwenda kuwinda, mzee?"

"Nakwenda kufuata," akasema, na akasimama palepale kungoja nifunge cherehani.

Nilikwenda naye kwa sababu ya mguu wake. Na kwa sababu ya umbea pia, sitaki kudanganya baada ya yote hayo. Tulipofika kituoni nilimpigia Violeth kwamba tumeshatoka, baba yake yuko njiani.

Kulikuwa na ukungu asubuhi ile. Treni ilikwenda kama haigusi chini, mpunga mbichi pande zote, maji, yangeyange weupe wamesimama kila mmoja na kivuli chake, kisha maji tena. Milima ya Udzungwa ilitokea upande mmoja, ikapotea ndani ya wingu, ikatokea karibu zaidi. Mzee alikuwa amefumba macho, mpini uko kati ya magoti. Nilidhani amelala.

"Najaribu kumwona," akasema. "Yeye alikuwa ananiona. Kila nilichokutana nacho mtoni, nikirudi ananisimulia yeye. Nimekaa hapa tangu tumeondoka, sioni kitu. Naona kope zangu tu."

Hapo hasira yangu ilipungua, ingawa sikumwambia. Nilimpa andazi.

Kutoka kituo cha Mang'ula mpaka kwa Evod ni mwendo wa kutembea, kwa mzee ni mwendo wa kutembea na kupumzika. Tulikuwa tumepumzika mara mbili tulipokisikia. Kishindo. Kikatulia, kikaja kingine, kizito, cha mpunga mkavu ndani ya kinu kirefu. Mzee alisimama katikati ya njia. Mkono wake ulishuka wenyewe ukashika paja. Alitazama majani ya kushoto, akatazama ya kulia, mzee mzima, saa nne ya asubuhi, kwenye njia ya watu wanaokwenda dukani. Alikuwa anaogopa. Sikumcheka, kwa sababu na mimi nilijikuta natazama majani.

"Ni yeye," akasema. "Najua mkono wake."

"Na wewe uko njiani," nikasema.

"Na mimi niko njiani."

Tukaendelea kutembea, kishindo kinatujia miguuni kila hatua.

Uani kwa Violeth kulikuwa na masinia na ndoo zimepangwa mstari, nyingine zina mchele mweupe, nyingine bado mpunga. Violeth alikuwa kibarazani na mtoto kifuani. Aliniambia baadaye kwamba nilipopiga simu tu, mama yake alichukua mchi. Akamaliza mpunga wa nyumbani. Akatwanga karanga za uji wa mzazi, akazimaliza. Akatwanga kisamvu. Halafu akatoka nje akawaambia majirani wenye mpunga walete, anatwanga bure, na majirani wa Mang'ula, ambao mashine ya kukobolea wanayo pale barabarani, walileta, wakiamini kwamba bibi ametoka Ifakara na wazimu.

Mzee aliulaza mpini wa mkuki chini getini, kama walivyofanya zamani, mwindaji asiingie na silaha kwa watu. Akaingia bila mkongojo, anachechemea, ameshika ukuta.

"Shikamoo baba," Violeth akasema kutoka kibarazani.

"Marahaba mwanangu." Lakini macho yalikuwa kwenye kinu. "Mama Violeth. Umetwanga tangu saa ngapi?"

"Tangu mlipotoka." Hakuacha. Mchi ulipanda, ukashuka.

"Nilikuwa njiani."

"Najua."

"Nimefika."

Mchi ulisimama hewani, kisha ukashuka taratibu pembeni. Bi Agnella alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na miguuni akakaa sana. Alifungua viganja vyake. Vilikuwa vimetoka malengelenge, mawili yamepasuka.

"Niliogopa," akasema. "Kila pigo niliogopa. Nilijua ni uongo wako na bado niliogopa. Umeniwekea kitu ndani, baba Violeth, hata ukweli haukitoi."

"Nisamehe."

Alifikiri. Kweli alifikiri, tulimwona wote watatu, na mtoto wa siku tatu akapiga chafya.

"Bado," akasema. "Hujafika mwisho wake. Ndiyo kwanza umeiona damu. Mkeka ule pale. Kaa."

"Nitakaa."

"Mpunga wa mama Fulgensi haujaisha, na baada ya huo kuna wa jirani yake. Usiondoke, usigombane na mtu, na mtu akija kuomba chumvi, mwambie asubiri."

Mzee Kasmiri akakaa mkekani, akanyoosha miguu yake yote miwili, mzima na mbovu, na Bi Agnella akatemea viganja mate, akachukua mchi.